Fundi Aliyefunga Mvua kwa Waya

Saa kumi na moja kasoro dakika nane alasiri, Jumamosi ya pili baada ya Idi, simu yangu ilitetemeka mfukoni. Sikuweza kuitoa. Nilikuwa nimekumbatia nguzo ya hema kwa mikono miwili kule Timbwani, Likoni, kwenye harusi ya binti wa mwenye duka la mbao, na upepo ulikuwa ukiinyanyua nguzo hiyo pamoja nami. Niliisoma baadaye, mahema yalipokuwa yamelala matopeni na mpishi amekwisha kupelekwa hospitali na mguu ulioungua kwa mchuzi wa biriani. Ilikuwa video ya wingu, imepigwa kutoka milimani upande wa Kwale. Wingu lenyewe lilikuwa jeusi, kichwa chake kimetandaa bapa kama fuawe ya mhunzi, na chini yake mvua ilimwagika Likoni kama pazia. Chini ya video palikuwa na maneno matatu: "Tazama uzuri huu."

Aliyenitumia alikuwa fundi wa friji wa mtaani kwetu. Siku nne kabla yake alikuwa amepokea pesa ili mvua hiyo isinyeshe.

Jina lake sitaliandika. Likoni aliitwa Fundi, na hasira niliyo nayo haihitaji jina. Nitamweleza kadiri nilivyomjua, mazuri yake kwanza, maana yapo, na bila hayo hasira yangu isingekuwa na maana.

Karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati kilichozungukwa na friji mbovu. Ndani ya friji hizo alihifadhi vitu vyake vyote: spana, nguo za mvua, mikate. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye tabia ya kutazama juu ya kichwa cha mtu anayezungumza naye, hasa saa za alasiri, na wageni walidhani ni kiburi. Kiburi alikuwa nacho, lakini pale alikuwa akitazama mawingu.

Kufuata dhoruba za radi kulikuwa mapenzi yake. Hakuna aliyemtuma wala kumlipa. Miezi ile ya joto la mwisho wa kaskazi, hewa inapolowa hata mashati yanakataa kukauka kambani, yeye ndipo alipochangamka. Asubuhi alitazama picha za setilaiti kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka, na ramani za upepo wa chini na wa juu. Kisha akafanya jambo ambalo sijamwona mtu mwingine akilifanya. Alichukua kikombe cha bati chenye maji, akatia kipimajoto, akaongeza vipande vya barafu kidogo kidogo huku akikoroga, mpaka bati likaanza kutoa jasho kwa nje. Alisoma kipimajoto papo hapo.

"Hapa ndipo hewa inapotema maji," alinieleza mara ya kwanza. "Bati likitoa jasho maji yakiwa bado vuguvugu, ujue hewa imeshiba. Hewa iliyoshiba ikipandishwa juu haraka, kule kwenye baridi, hutapika yote kwa mara moja. Ngurumo, upepo, mawe ya barafu, vyote. Friji ni hiyo hiyo, bwana, ila ile ya juu haina mlango."

Tulizoeana kwa sababu ya kazi. Mimi hukodisha mahema na viti. Shule yangu iliishia darasa la nane, na mengine nimejisomea mwenyewe, polepole, kitabu baada ya kitabu. Alinikuta nikishona hema lililopasuka, akasimama bila salamu.

"Hili halikupasuliwa na mvua," akasema.

"Basi limepasuliwa na nini, Fundi? Panya?"

"Upepo unaotangulia mvua. Ile baridi inayoanguka kutoka winguni na kutambaa ardhini. Ukiihisi usoni kama umefungua friza, huna muda tena. Unatakiwa uwe umeshashusha."

Tangu siku hiyo nilikuwa mwanafunzi wake. Alinifundisha kwamba kwa kawaida upepo wa juu huyasukuma mawingu ya alasiri kwenda bara, ndiyo maana mtu wa Likoni huona radi zikipiga mbali upande wa milima na kulala kavu. Siku za hatari ni zile chache ambazo upepo wa juu unageuka na kutoka magharibi. Hapo wingu lililokomaa juu ya Kwale hushuka kuja pwani, nalo huja na nguvu zake zote. Nilijifunza kuitafuta siku hiyo kwenye ramani. Kwa miaka kadhaa sikupoteza hema hata moja, na nilimshukuru kila nilipomwona.

Alichukia methali moja kuliko zote, ile isemayo dalili ya mvua ni mawingu. "Aliyesema hivyo alichelewa," alikuwa akisema. "Mawingu ni matokeo. Dalili ilikuwepo tangu asubuhi, kwenye kikombe." Mzee mmoja wa msikitini alimwambia barazani kwamba ajuaye mvua ni Mwenyezi Mungu peke yake. Fundi akajibu kwa adabu, "Kweli, mzee wangu. Na mimi kanipa macho." Yule mzee akacheka, akamsogezea kahawa.

Kwa wateja alikuwa balaa. Wingu lilipoanza kuota juu ya milima, alivaa koti lake la mvua la kijani, akawasha pikipiki na kuondoka, friji ya mtu ikiwa wazi matumbo nje. Mama mmoja muuza barafu za ukwaju alimkimbilia mpaka barabarani.

"Fundi, barafu zangu zayayuka!"

"Barafu zitaganda kesho, mama. Hili wingu kesho halipo."

"Basi nenda ukalioe. Mahari utapata wapi, na kazi hufanyi?"

Alikwenda. Alirudi jioni amelowa, anang'aa uso kama aliyetoka Makka, akatuonyesha picha za radi zilizopinda kama mizizi. Friza ya yule mama aliitengeneza usiku ule bila malipo, na wiki iliyofuata akaiacha wazi tena, akakimbilia wingu jingine.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Aliweza kukueleza jinsi vipande vya barafu vinavyosuguana ndani ya wingu mpaka umeme ukazaliwa, lakini nyumbani kwake radi zilipoanza alifunika kioo kwa kanga na kumkataza mtu kuvaa nguo nyekundu. Nilipomtania, alisema mkewe ndiye atakaye hivyo. Mkewe alikuwa jikoni na akasikia. "Mimi?" akasema. "Mimi hata kioo sinacho. Hicho anachokifunika ni chake cha kunyolea ndevu."

Lakini tabia niliyoiheshimu zaidi ilikuwa hii: hakuwahi kusema itanyesha. Alisema "mara saba katika kumi," au "mara tatu katika kumi." Watu walikereka.

"Fundi, tupe jibu la mtu mzima. Yanyesha au hainyeshi?"

"Saba katika kumi."

"Na hizo tatu zilobaki tuzifanyeje, tuzile?"

"Hizo ndizo za kumwachia Mungu."

Mtu anayesema saba katika kumi unaweza kumwamini, kwa sababu amekuonyesha mahali anapoishia ujuzi wake. Kosa lilianza siku alipokubali kutoonyesha mahali hapo.

Huku kwetu ni desturi mwenye harusi kumtafuta mtu wa kufunga mvua. Hata familia zinazoona haya kulisema jambo hilo hulifanya, pesa zikipitia kwa shangazi. Mwanamke mmoja wa Mtongwe alimwuliza Fundi amuoze binti yake Jumamosi au Jumapili. Fundi akapima, akasema Jumamosi. Jumamosi ilikuwa kavu, Jumapili mvua ikashuka. Likoni haikusema kwamba Fundi alikuwa amekadiria vizuri. Ilisema, "Kaifunga mvua mpaka Jumapili." Wiki mbili baadaye karakana yake ikapokea bahasha ya kwanza.

Nilikuwepo alipoifungua. "Wewe hufungi mvua," nikamwambia.

"Sijasema nafunga. Wamesema wao."

"Na bahasha kapokea nani?"

"Nimepokea kwa kuwachagulia siku. Hiyo si kazi?"

Ni kazi, nikakubali. Ingekuwa kazi safi kama angewaambia hivyo. Lakini waliokuja baada ya hapo hawakutaka kuchaguliwa siku. Walitaka kitu cha kushika. Bibi mmoja alimkalia karakanani akisema haiwezekani alipie maneno matupu. Fundi, kwa dharau, akakata waya wa shaba wa friji kuukuu, ule ambao mafundi huuita kopa, akaupiga fundo, akampa. "Funga kwenye nguzo ya upande wa kusini. Na asiliguse mtu."

Alinisimulia akicheka mpaka machozi. Nikamwuliza kwa nini kusini.

"Lazima pawe na upande."

"Na kwa nini asiliguse mtu?"

"Kopa hiyo, bwana. Ikiachwa vivi hivi wataiiba wakauze kwa chuma chakavu."

Hivyo ndivyo mwiko ule ulivyozaliwa: kwa kuwaogopa wezi wa vyuma chakavu. Nilicheka naye siku hiyo. Baada ya miezi michache nilikuwa nakuta mafundo ya kopa kwenye nguzo zangu karibu kila harusi, na wenye harusi wakiwafukuza watoto wasiyakaribie. Kwa kuwa Fundi alikubali tu siku ambazo kikombe na ramani vilionyesha ukavu, mvua "ilifungika" mara nyingi. Jina lake likapanda, na bei nayo. Ile saba katika kumi sikuisikia tena mdomoni mwake.

Mwenye duka la mbao hakumwuliza siku. Tarehe ilikuwa imekwisha kupangwa na kadi zimegawiwa. Alimpelekea Fundi pesa Jumanne, naye akazipokea, ingawa Jumanne hakuna ramani inayoweza kusema kitu cha hakika juu ya Jumamosi. Alikuwa amecheza kamari. Mtu aliyetufundisha sote kutocheza kamari na mbingu alicheza kwa pesa za wengine na mahema yangu.

Jumamosi asubuhi nilipima kwa kikombe changu mwenyewe. Bati lilitoa jasho karibu mara tu barafu ilipogusa maji. Nikafungua ramani: upepo wa juu umegeuka, watoka magharibi. Nikampigia Fundi.

"Shikamoo, Fundi. Umeona hali ya leo?"

"Marahaba. Wewe shughulika na viti vyako."

"Nauliza umeonaje."

"Nimeona. Nitakupigia." Akakata. Hakunipigia, na nilipompigia tena, na tena, simu iliita bila kupokelewa.

Nikamfuata baba wa bibi harusi, aliyekuwa akisimamia kuni za mpishi. Nikamwambia kuna shule jirani yenye ukumbi, mwalimu mkuu namjua, tuhamishie watu kule kabla ya alasiri, na gharama ya kuhamisha viti ni yangu.

"Mwanangu," akasema, "mvua imefungwa. Lile pale fundo."

"Mzee, lile ni waya wa friji."

"Wamwonea gere Fundi sasa? Muda wote huu kazi zako zimekwenda vyema kwa mafundo hayo hayo."

"Mpigie mwenyewe umwulize. Akikwambia hakunyeshi, nitanyamaza."

Akampigia mbele yangu. Haikupokelewa. Akairudisha simu kwenye mfuko wa kanzu, akatabasamu kama mtu aliyepata jibu. "Mtu yuko kazini, haongei."

Kweli alikuwa kazini. Alikuwa barabara ya Kwale juu ya pikipiki, anakwenda kulilaki lile wingu.

Nitaandika yaliyofuata kwa ufupi. Baada ya sala ya alasiri ngurumo zilisikika upande wa bara na watu wakacheka, wakasema yapita mbali. Mimi na vijana wangu wawili tukaanza kulegeza kamba za hema la kusini, kwa sababu ndilo lililokuwa juu ya wanawake na watoto. Mwenye harusi akanipigia kelele niache. Sikuacha. Ile baridi ya friza ikanipiga usoni. Wanawake tukawatoa, hema hilo tukalishusha nusu. Mengine mawili yaliruka. Nguzo moja ikaangukia mafiga, sufuria ikapinduka, mpishi akaungua mguu mpaka gotini. Radi ilipiga mnazi ng'ambo ya barabara. Hakufa mtu. Ndivyo watu walivyosema baadaye, "alhamdulillahi hakufa mtu," kana kwamba hilo lilikuwa limepangwa na yeyote pale.

Niliamini kwamba jambo moja zuri lingetoka: uwongo wa fundo ungekufa siku ile. Sikuwa nimewaelewa watu wangu. Kabla hata matope hayajakauka ilikuwa imekwisha kujulikana Likoni nzima kwa nini mvua ilinyesha. Hema la kusini ndilo lililokuwa na fundo, na mikono iliyoonekana kwenye nguzo ile ilikuwa yangu.

"Watu wote walikuona," mwenye duka la mbao aliniambia nilipokwenda kuchukua malipo yaliyobaki. "Uliambiwa usiguse. Uliligusa. Nikulipe kwa kuifungulia mvua harusi ya mwanangu?"

Wanawake niliokuwa nimewatoa chini ya hema lile walinipita njiani wakininong'ona. Harusi mbili zilizokuwa zimenipa arubuni zikadai arubuni zao. Shangazi yangu mwenyewe aliniuliza, kwa huruma, ni kijicho gani kilichoniingia.

Neno moja lilitosha kunisafisha, na mwenye neno hilo alikuwa mmoja. Nikamwendea karakanani mchana, watu wakiwepo. Alikuwa akichomea bomba la friji, miwani ya kinga usoni.

"Fundi, waambie hawa lile fundo ni nini."

Hakuinua kichwa. "Moto huu ukizima nitaanza upya," akasema.

"Waambie."

"Watu husahau, ndugu yangu."

Waliokuwepo walitazama chini kwa aibu, na aibu hiyo walinionea mimi. Nikaondoka. Miezi michache baadaye alifunga karakana akahama. Likoni ilisema amehama kwa uchungu, kazi yake iliharibiwa na mtu mwenye husuda.

Nilimwona tena mwaka uliofuata, Jomvu Kuu, nilikokwenda kufunga hema kwa ajili ya hitma. Wakati huo mteja wa Likoni sikuwa naye tena, nilikuwa nikivuka ng'ambo kutafuta kazi. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya friza kubwa ya wavuvi karibu na ufuko wa hori, ule mkono wa bahari unaoingia bara, amekonda, ndevu zimekuwa nyeupe. Akaniona kabla sijaamua kama nitampita.

"Umeiona ya leo?" akaniuliza, akionyesha mbinguni kwa bisibisi, kana kwamba tuliachana jana. "Mara mbili katika kumi. Utafanya kazi yako salama."

"Siku ya Timbwani ilikuwa ngapi katika kumi?"

Akaiweka bisibisi chini. Alijifuta mikono kwa tambara, kidole baada ya kidole.

"Tisa," akasema.

"Ulijua saa ngapi?"

"Kabla hujanipigia. Tangu asubuhi mapema."

"Mchana kutwa ulikuwa nao. Ungesema neno moja tu, yule mzee angehama."

"Ningesema neno gani? Kwamba sifungi?" Sauti yake haikupanda. "Ningekuwa nimewaambia wote wa nyuma kwamba nimewala pesa zao. Yule bibi, yule mama wa Mtongwe, wote. Nilifikiri labda wingu litapasuka kabla ya kufika. Moja katika kumi ilikuwepo."

"Na hiyo moja ulikwenda kuitazama kwa pikipiki."

Akaiokota tena bisibisi. Kisha, na hili ndilo linalonichoma mpaka leo, macho yake yakawaka kidogo. "Wingu lile, wallahi, sijapata kuona jingine. Lilikuwa likizunguka. Uliiona ile video mpaka mwisho?"

"Mpishi bado anachechemea," nikamwambia. "Na Likoni mimi ndiye ninayeitwa mchawi. Wewe huitwi kitu. Ulinisikia nikikuomba mbele za watu, ukanijibu habari ya moto wako."

Mvuvi mwenye friza alikuja akauliza kama bado kitambo. Fundi akamwambia amekaribia. Yule mtu alipoondoka, nilimwona akitafuta pa kutazama. Juu ya kichwa changu hapakuwa na wingu lolote.

"Nitakwenda Likoni," akasema. "Ijumaa, baada ya sala. Nitawaambia barazani."

"Usiniambie mimi utakwenda. Nenda."

Ijumaa ile hakwenda. Niliulizia. Wala Ijumaa nyingine yoyote.

Lakini siku ile ya Jomvu Kuu, nilipokwisha kumpa mgongo, aliniita. Aliniuliza swali ambalo nilikuwa nimelingoja mwaka mzima bila kujua kwamba nalingoja.

"Hasara yako ilifika ngapi?"

Nikageuka. Nilikuwa nimeijumlisha mara nyingi mno: mahema mawili, nguzo, viti, matibabu ya mpishi niliyoyalipa mimi, malipo niliyonyimwa, arubuni nilizorudisha. Nikamwambia polepole, ili asikie kila tarakimu: shilingi laki tatu, elfu themanini na nne, na mia tano.